The Circus ya Charlie Chaplin: Kicheko Kisichokubali Amri

Miongoni mwa filamu ndefu za Charlie Chaplin, The Circus ya mwaka 1928 ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Wapenzi wa sinema za kale huitaja The Gold Rush ya 1925, kisha huhamia moja kwa moja kwenye City Lights ya 1931 na Modern Times ya 1936, na hii iliyokaa katikati wakaiachia wale wenye muda wa ziada. Chaplin mwenyewe alichangia kuisahaulisha, kwani katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964, kitabu kinene kisichobania maneno juu ya mambo madogo kuliko hilo, karibu hakuigusa kabisa. Naiona hiyo kuwa ni dhuluma. Filamu hii ya dakika 72 hivi haizizidi hizo nyingine kwa ukubwa, na ina udhaifu nitakaoutaja bila kuuficha, lakini ndimo ambamo Chaplin, zaidi ya miaka 20 kabla ya Limelight, filamu yake ya 1952 juu ya mchekeshaji aliyezeeka, aliichunguza kazi yake mwenyewe: ni nini kinachomfanya mtu acheke, na kwa nini kicheko humkimbia anayekitafuta kwa nguvu.

Mahali pa kisa ni sarakasi ya kuhamahama, mojawapo ya zile zilizokuwa zikizunguka Marekani kwa magari ya kukokotwa na farasi, zikisimamisha hema kubwa na kulizungushia vibanda vya michezo, vinyago vinavyojiendesha na nyumba ya vioo. Chaplin anaanzia huko nje, kwenye vibanda, na sehemu hii ya kwanza ni ya ufundi mtupu. Mzururaji, mhusika anayeigizwa na Chaplin mwenyewe, yule mtu mdogo mwenye kofia ya duara, bakora na suruali pana, amesimama katika umati akiwa hana senti, tumbo likiwa tupu, na karibu naye mchomozi aliyekaribia kukamatwa anamchopeka mfukoni pochi na saa ya wizi. Polisi anapomfumania mchomozi akijaribu kuirudisha mali hiyo mkononi mwake, anaamini kwamba Mzururaji ndiye anayeibiwa, basi anamkabidhi kwa heshima zote pochi ambayo hajapata kuiona maishani mwake. Mwenye mali anapoitambua, mbio zinaanza, na kwa muda mfupi wa kufurahisha sana mwizi na asiye mwizi wanakimbia sambamba mbele ya sheria kama watu waliokubaliana kusafiri pamoja.

Katika mbio hizo kuna mambo mawili ambayo peke yake yangetosha kumlipa mtazamaji muda wake. La kwanza ni nyumba ya vioo, ambamo Mzururaji anazidishwa hata hajui ni yupi kati yake ndiye yeye, na kila anayemfukuza naye anakuwa umati. La pili, ambalo mimi nalipenda zaidi ingawa halitajwi sana, ni pale anapojificha hadharani kwa kujifanya kinyago cha mashine kwenye roshani ya jengo la maonyesho. Anageuka kwa mikatiko, anasimama, anageuka tena, na mchomozi anapolazimika kujifanya kinyago pembeni yake, Mzururaji anampiga rungu la kichwa kwa utaratibu uleule wa mashine, kisha anacheka kicheko cha mashine, kisha anampiga tena, huku polisi akitazama bila kushuku lolote. Mwili wa Chaplin hapo umeacha kuwa mwili wa mtu. Wachekeshaji wengi huweza kuiga mashine. Ni wachache wanaoweza kuiga mashine yenye kisasi.

Mbio hizo zinaishia ndani ya hema, katikati ya onyesho ambalo watazamaji walikuwa wakilisinzilia. Machale wa kulipwa wamekwisha kuchosha watu, na mtu huyu anayekimbia polisi ulingoni, akijificha katika kabati la mfanya mazingaombwe na kuharibu kila alichokikuta, anawaamsha wote. Wanamtaka yeye. Mwenye sarakasi, anayeigizwa na Al Ernest Garcia kwa ukali usio na hata chembe ya ubinadamu, anamkuta amelala nje ndani ya kigari na kumwambia aje kujaribiwa kesho yake.

Jaribio hilo ndilo moyo wa filamu. Mwenye sarakasi ameketi, machale wamejipanga, na Mzururaji anaambiwa achekeshe; anatembea kwa madaha, anajigeuzageuza, na hakuna kinachotokea. Basi wenyeji wanamwonyesha vichekesho vyao vya siku zote, kile cha William Tell, mpiga mshale wa hekaya anayelenga tufaha lililowekwa kichwani mwa mtu, kisha kile cha vinyozi wawili wanaogombea mteja, na yeye, aliyeletwa hapo ili achekeshe, ndiye mtu pekee anayecheka, tena anacheka hadi anajishika tumbo. Inapofika zamu yake kuigiza, tufaha linaishia kinywani mwake na nafasi yake kuchukuliwa na ndizi, na povu la kunyolea linaishia usoni kwa bwana mwenyewe. Anafukuzwa. Utamu wa tukio hili umejengwa kwa tabaka: vichekesho vya machale vimechakaa na tunajua vimechakaa, lakini namna Mzururaji anavyovivuruga inatuvunja mbavu, na mwenye sarakasi, ambaye riziki yake inategemea kujua kinachochekesha, haoni chochote kwa sababu amekwisha kuamua kichekesho kinapaswa kufananaje. Nimesoma maelezo mengi juu ya nadharia ya ucheshi, na sidhani kama yapo yaliyolieleza jambo hili kwa wepisi huu.

Kinachofuata kinalisukuma wazo hilo mbele zaidi. Wabeba vifaa wanagoma kwa kutolipwa mishahara, Mzururaji anachukuliwa kushika nafasi yao, na jioni hiyo anapita ulingoni na rundo la sahani huku punda mwenye chuki naye isiyoelezeka akimfukuza. Kisha anabonyeza bila kujua kitufe cha meza ya mfanya mazingaombwe, na ndege, sungura na maputo vinafumuka mbele ya watu kabla ya wakati wake. Hema linaangua kicheko. Mwenye sarakasi anaelewa sasa, na anachokielewa ni biashara: huyu ni hazina, na hazina hii haijijui, basi aendelee kulipwa kama mbeba vifaa na asiwepo wa kumwambia. Kwa hiyo kwa muda fulani tunamtazama msanii mkubwa wa onyesho akifagia na kuhudumia wanyama, akiamini kwamba watu wanacheka kitu kingine. Katika kazi hizo kuna kile kisa cha farasi anayetakiwa kupulizwa kidonge kooni kwa bomba; farasi anawahi kupuliza.

Merna, binti wa kambo wa mwenye sarakasi, ndiye anayemfumbua macho, na mazungumzo ya mshahara yanayofuata ni kichekesho cha maneno kilichopenya ndani ya filamu isiyo na sauti. Bwana anaanza na dola 50 kwa wiki, anapanda hadi 60, hatimaye anasema ataizidisha mara mbili, na Mzururaji, akiwa na uso wa mfanyabiashara asiyedanganyika, anakataa katakata akisema hapungui 100.

Ni vigumu kuamini kwamba wepisi huu ulitoka katika mojawapo ya kazi zilizoandamwa na mikosi kuliko zote za Hollywood. Upigaji wa picha ulianza mwanzoni mwa 1926, na hata kabla haujaanza dhoruba ilikuwa imelirarua hema kubwa. Baada ya wiki chache za kazi iligundulika kwamba maabara ilikuwa imeikwaruza filamu, na picha zote za mwezi wa kwanza hazikufaa. Septemba mwaka huohuo moto uliteketeza sehemu ya studio pamoja na mapambo na vifaa. Januari 1927 mke wa Chaplin, Lita Grey, alifungua kesi ya talaka iliyojaa kurasa za magazeti ya nchi nzima. Mamlaka ya kodi ya Marekani nayo ikadai malimbikizo. Na kazi ikasimama kwa takriban miezi minane. Waliporejea na kufikia tukio la mwisho, magari ya sarakasi yaliyokuwa yameandaliwa yakatoweka, yakiwa yameibiwa na wanafunzi. Ukiyajua hayo, kimya cha kitabu cha 1964 kinaeleweka: huenda mtu asipende kukirudia chumba alimougulia, hata kama alipona.

Hapa ndipo filamu inapojipinga, na kwangu ndipo inapovutia zaidi. Hadithi yake inadai kwamba kicheko cha kweli ni kile kisichokusudiwa, na kwamba Mzururaji akijaribu anashindwa. Lakini mtu aliyeitengeneza alikuwa akikusudia kila kidole. Tukio la kizimba cha simba ndilo ushahidi. Mzururaji, akimkimbia yule punda, anaruka majivu na kukanyaga moto: anaingia katika kizimba cha simba aliyelala, komeo linajifunga nyuma yake, na anapojaribu mlango wa pembeni anakuta unaelekea kwa chui milia. Mbwa mdogo anabweka nje. Anamsihi kwa ishara anyamaze. Merna anafika, anaona, anazimia badala ya kufungua. Simba anaamka, anamnusa, anarudi kulala, na hofu ya Mzururaji inageuka kiburi, hata mlango unapofunguliwa hana haraka ya kutoka, mpaka simba anaponguruma. Dakika chache hizo zilipigwa mara zipatazo 200, na katika nyingi Chaplin alikuwa ndani ya kizimba na simba halisi. Baadhi ya woga unaouona usoni mwake haukuhitaji kuigizwa. Hata hivyo mpangilio wake, tone moja la hatari likiongezwa baada ya jingine kila tunapodhani kizimba kimejaa, ni hesabu iliyopigwa na mtu asiyeamini bahati.

Ndivyo ilivyo pia kwa tukio la kamba, ambalo inasemekana ndilo wazo lililoizaa filamu nzima: mtu yuko juu mahali asipoweza kukimbia, na kitu kinamjia. Rex, mtembea kambani wa sarakasi, hayupo, na Mzururaji analazimika kupanda badala yake. Amemhonga mtu amfunge kamba ya siri kiunoni, na alimradi kamba hiyo imemshika anatamba huko juu kwa mbwembwe ambazo hakuna mtembea kambani angethubutu. Kisha inafunguka, naye ndiye wa mwisho kujua. Kisha wanakuja tumbili waliotoroka, wanamkwea, mmoja anamtia mkia mdomoni, wengine wanamvua suruali, na tunagundua kwamba amesahau kuvaa vazi la ndani la maonyesho. Chaplin na Harry Crocker, anayeigiza Rex, walijifunza wenyewe kutembea kambani, na juhudi hiyo inaonekana: miguu inayotetemeka pale ni ya mtu aliye kambani kweli. Ukilichunguza tukio hili utaona kwamba linarudia hadithi ya ulingoni kwa kuigeuza. Chini, Mzururaji alichekesha kwa sababu hakujua; juu, anachekesha kwa sababu amejua ghafla.

Nimesema nitautaja udhaifu, nao umekaa kwa Merna na Rex. Merna Kennedy, ambaye hii ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza kubwa, ni mpanda farasi anayepigwa na kunyimwa chakula na baba yake wa kambo, na pale mwanzoni, anapoiba kiamshakinywa cha Mzururaji na kukibugia huku yeye akimfundisha kula taratibu, kuna uhai kati yao. Baadaye anabaki kuwa sababu ya mambo tu. Anapigwa ili tumhurumie, anapenda ili Mzururaji aumie. Rex ni pungufu zaidi: mrefu, mtanashati, suti nzuri, basi. Huenda Chaplin alimtaka hivyo, mtu asiye na kosa lolote la kumchukia nalo, lakini matokeo yake ni kwamba sehemu ya katikati, kuanzia Mzururaji anapomsikia mpiga ramli akimtabiria Merna ndoa na mwanamume aliye karibu, akadhani ni yeye na kukimbilia kununua pete kwa chale mzee, inalegea kila wapenzi hao wawili wanapoachwa peke yao kwenye skrini.

Inaokolewa na jambo moja la kiufundi. Mzururaji amekaa akiwatazama Merna na Rex wakizungumza, na kutoka katika mwili wake uliotulia anainuka Mzururaji mwingine, angavu kama mvuke, anayekwenda kumtandika Rex mateke kisha anarudi na kuketi ndani ya mwenyewe. Ni hila ya kupiga picha mbili juu ya filamu moja, ya zamani hata kwa wakati ule, na mpiga picha wa Chaplin wa siku nyingi, Roland Totheroh, ameifanya bila mbwembwe. Katika sekunde chache hizo tumeelezwa wivu na adabu kwa pamoja. Tangu hapo Mzururaji hachekeshi tena ulingoni, kwa maana moyo umevunjika, na mwenye sarakasi anaanza kumhesabia siku.

Mwisho wa hadithi sitaueleza wote, ingawa filamu yenye umri huu haina siri ya kulinda. Nitasema tu kwamba Mzururaji anafanya uamuzi kuhusu ile pete, kwamba Chaplin aliupiga mwisho huo Glendale, California, katika mwanga mkali wa asubuhi usiompendezesha mtu, na kwamba hakuna machozi yanayolazimishwa. Wapo wanaouona kuwa ni hisia za kupita kiasi. Mimi nadhani wanauchanganya na mwisho wa filamu zake nyingine, kwa sababu huu ni mkavu. Mzururaji hajionei huruma, anafanya hesabu tu kwamba katika gari la sarakasi hakuna nafasi yake, na filamu inakubaliana naye.

Ilipofunguliwa New York Januari 1928, filamu zenye sauti zilikuwa zimekwisha kubisha hodi, kwa kuwa The Jazz Singer ilikuwa imeonyeshwa miezi mitatu tu kabla yake. Katika hafla ya kwanza ya tuzo za Academy, yaani Oscar, tarehe 16 Mei 1929, Chaplin hakushindanishwa na wengine bali alipewa tuzo ya pekee kwa kuigiza, kuandika, kuongoza na kutayarisha The Circus. Inashangaza kidogo kwamba kazi iliyomletea heshima hiyo ndiyo aliyoiacha kabatini miaka mingi kuliko zile alizojivunia.

Alipoitoa tena, mwishoni mwa miaka ya 1960, aliitungia muziki mpya na kuiongezea wimbo mwanzoni, Swing Little Girl, ambao aliuimba mwenyewe akiwa na umri wa karibu miaka 80, sauti ikikwaruza juu ya picha ya Merna akibembea kwenye pete za kuning'inia za sarakasi. Baadhi ya watazamaji huuona wimbo huo kuwa mzigo usio wa filamu. Siafikiani nao, maana muziki wote wa toleo hilo ni mwembamba na wenye kiasi, unaoacha vichekesho vipumue, na mzee anayeimba mwanzoni anatukumbusha ni nani aliyekuwa akirushwa huku na huko na punda miaka 40 iliyotangulia. Toleo hilo lililosafishwa ndilo ninalolipendekeza, kwa sababu picha zake zinaonyesha wazi mambo ambayo katika nakala mbovu hupotea, hasa ndani ya nyumba ya vioo, ambako ukungu kidogo tu unatosha kukufanya usijue unatazama mtu au kivuli chake.

Kwa familia yenye watoto wadogo, filamu inatazamika bila shida isipokuwa vipigo vya baba wa kambo, ambavyo havikufanywa vya kuchekesha na vinaweza kumsumbua mtoto. Mtazamaji wa leo anaweza pia kusitasita mbele ya wanyama wa ulingoni, na haki yake, maana sarakasi za enzi hizo hazikuwa rafiki wa wanyama na filamu haina la kusema juu ya hilo. Lililobaki ni kasi. Zipo nakala zinazoendeshwa upesi mno, zikimfanya kila mtu arukeruke kama mdudu, nazo ndizo zimewafanya watu wengi waamini kwamba ucheshi wa enzi ya filamu bubu ni fujo ya mikono na miguu. Atakayekutana na nakala ya namna hiyo aizime, kwa sababu katika tukio la simba, vituo ndivyo vyenye kuchekesha, na kituo kikifupishwa hata kidogo hakuna kinachosalia.